Nani Yuko Juu ya Mizani

Damu ilikuwa bado mbichi juu ya bati la mizani, na namba nyekundu ukutani zilikuwa zinawaka: hamsini na nane. Juu ya mizani hapakuwa na mtu.

Wapakiaji waliofika asubuhi ile kufungua kazi, katika ghala la mahindi la mzee Eustace pale Milanzi, waliganda mlangoni. Kofia ya sufu ya Kasmir mlinzi ilikuwa imelala katikati ya damu. Kandili yake ilikuwa imepinduka. Lakini kilichowakata maini si kofia wala kandili, ni ile namba. Kila Jumamosi kazi ikiisha walikuwa wakipimana kwa mchezo, na Kasmir, mwembamba kama mpini wa jembe, akipanda walimcheka: "Hamsini na nane! Kula bwana, upepo utakubeba mpaka Kirando!" Tangu mizani ile iletwe namba yake haikuwahi kubadilika. Leo namba ipo, mwenyewe hayupo.

Mmoja wao akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Amesimama pale. Ni sisi tusiomwona."

Wakatoka mbio, wakaacha mlango wazi.

Jua lilipopanda, Milanzi nzima ilikuwa uani, imejifunga mablanketi kwa baridi ya mwezi wa sita, na neno lilikuwa moja tu: msukule. Kasmir amechukuliwa, macho ya watu yamefungwa wasimwone, amesimamishwa pale. Na aliyemchukua hakuhitaji kutafutwa. Jana yake mchana, mbele ya foleni nzima, bibi Klementina alikuwa ameinyooshea mizani kidole: "Mizani hii inakula watu! Na wewe Kasmir unayeilinda, itaanza na wewe!"

Sajini Cleophas wa upelelezi alipofika kwa miguu na konstebo mmoja, alimkuta bibi huyo ameketi chini katikati ya uwanja, rozari shingoni, kitenge kimejaa vumbi. Vijana walikuwa wamebeba vifurushi vya nyasi kavu na dumu la mafuta ya taa. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, ng'ambo tu ya barabara.

"Afande, usijisumbue," alisema kiongozi wao. "Tumempeleka mtu na baiskeli kumleta kamchape. Akifika atamnyoa, atamnywesha dawa, atasema mwenyewe. Asiposema, tunajua la kufanya. Wewe kaa pembeni."

"Mpaka huyo mganga wenu afike, bibi ni wangu," alisema Cleophas. Sauti yake ilitoka nzito kuliko moyo wake. Akamwinua mama wa watu, akamfungia katika chumba kidogo cha ofisi ndani ya ghala, akamweka konstebo mlangoni.

Kisha akageuka kuitazama mizani.

Upolisi aliusomea ukubwani, hofu ya misukule alizaliwa nayo. Alikulia kijiji cha chini ya bonde, na akiwa mdogo aliwahi kuzuiwa kuokota embe barabarani kwa sababu limeachwa na "wale wa usiku". Sasa alisimama hatua chache kutoka kwenye bati la chuma, pana la kuingia mkokoteni wa ng'ombe, lililolala juu ya shimo la saruji sawasawa na sakafu. Halikuwa na kitu juu yake ila damu na kofia. Namba ikawaka: hamsini na nane, nukta mbili.

Kando ya mizani, magoti chini, mwanamke mmoja alikuwa akiongea na hewa. Alikuwa Albina, mke wa Kasmir.

"Baba Hellena," alikuwa akisema, "kama unanisikia shuka basi. Shuka twende nyumbani."

Cleophas alimwacha aendelee. Hakuweza kumwambia hayupo, maana hakuwa na hakika.

Alianza na wenye ghala. Mzee Eustace alikuwa mtu wa kwanza mjini kufungua ghala lake mwenyewe tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mahindi, na mizani ile aliitoa Tunduma kwa mbwembwe. Alikuja ameshika koti kifuani. Nyuma yake alikuwa Nestory, mtunza ghala, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyong'arishwa, ambaye alipelekwa Mbeya wiki mbili kujifunza kuitunza mashine. Mzee alikuja mpaka kwenye bati. Nestory alibaki nyuma, karibu na mlango.

"Ghala hufungwa na nani?" aliuliza Cleophas.

"Funguo mbili," alisema Eustace. "Moja ya Nestory, moja ya Kasmir."

"Wewe Nestory, jana ulitoka saa ngapi?"

"Jioni, afande, jua likizama. Nikamwacha Kasmir anawasha kandili. Nikalala kwangu mpaka niliposikia makelele." Akatazama ukuta, akatazama pembeni haraka. "Afande, niizime? Betri inaisha."

"Acha. Ni kidhibiti." Cleophas alijikohoza. "Bibi Klementina anasema mizani yenu inaiba. Inawezekana?"

Hapo mzee Eustace alipanda jazba. "Mizani yangu? Mwambie, Nestory! Mwambie afande asije akaandika upuuzi wa kikongwe!"

Nestory, bosi wake akiwa amemkodolea macho, hakuwa na njia ila kuisifia. Na alipoanza aliisifia vizuri, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo kwa wageni wengi.

"Afande, bati hili limekaa juu ya miguu minne ya chuma, mmoja kila pembe. Kila mguu umegandishwa utepe wenye uzi mwembamba kuliko unywele. Ukiweka mzigo, chuma kinapinda. Huwezi kuona kwa jicho, lakini uzi unavutika, unarefuka na kukonda, na umeme unapita kwa shida zaidi kidogo. Kidogo kama tone kwenye mtungi. Kuipima tofauti hiyo peke yake huwezi. Ndiyo maana nyuzi zote nne zimeungwa pamoja, mafundi wanaita daraja."

"Daraja la nini?"

"Chukulia mifereji miwili ya maji inayotoka chanzo kimoja na kukutana chini. Katikati ukachimba kijimfereji cha kuiunganisha, ukaweka jani juu yake. Mifereji ikiwa sawa, jani halina pa kwenda, limetulia. Hiyo ndiyo sufuri. Ukiubana mmoja kwa ncha ya kidole tu, jani linaondoka. Mashine inasoma mwendo wa jani."

"Na baridi hii yetu? Chuma hakisinyai?"

"Hapo ndipo utamu wake," alisema Nestory. "Baridi inashika nyuzi zote nne sawasawa. Mifereji yote ikipungua sawa, jani halitikisiki. Baridi haiwezi kuidanganya mizani hii, afande. Wala joto."

Mzee Eustace akapiga kiganja. "Umesikia?"

Cleophas alisikia. Aliyaweka maneno yale moyoni, ingawa bado hakujua ya kazi gani. Nje sauti zilikuwa zimepanda. Mtu alikuwa akiimba na wengine wakiitikia.

Akaingia ofisini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wameshaichoma nyumba yangu?"

"Bado."

"Basi wamechelewa. Enzi zetu nyasi hazikusubiri mganga." Alicheka, lakini vidole havikuiacha rozari. "Nawajua wale watoto. Yule mwenye dumu nilimzalisha mama yake. Alitoka miguu kwanza, na mpaka leo anatanguliza miguu kabla ya akili."

"Bibi, kwa nini ulimtabiria Kasmir mabaya?"

"Nilimtabiria? Nilimgombeza! Nyumbani napima kwa debe. Gunia langu ni madebe sita, nimejaza kwa mikono hii, nikashindilia, nikashona. Nikilileta hapa, nusu debe imeyeyuka njiani. Mara ya kwanza nikasema nimezeeka. Mara ya pili nikapima mbele ya padri. Debe langu halina umeme, mwanangu, haliwezi kusema uongo." Akashusha sauti. "Na Kasmir hakunikasirikia. Alinifuata barabarani, akaniambia: bibi, nyamaza kidogo, hata mimi mizani hii imenila, nitalimaliza kesho."

"Imemlaje? Yeye si mkulima."

"Hakusema. Alikuwa na haraka ya kurudi lindoni."

Cleophas alitoka akiwa na swali hilo. Mlangoni alikuta rabsha mpya. Vijana walikuwa wamemburuta Malimi, Msukuma mwenye ng'ombe wa bonde la Rukwa, na suruali yake ilikuwa na damu mpaka gotini.

"Huyu hapa!" walipiga kelele. "Mkokoteni wake ulikuwa getini kabla ya jogoo! Wamekula njama na bibi! Hawa wahamiaji ndio wanaokuja na dawa!"

"Mimi na dawa?" Malimi alifoka, mrefu kuliko wote. "Mji wenyewe mmeuita Sumbawanga, tupa uchawi, na bado haujaisha, sasa mnanibambikia mimi! Damu hii ya ng'ombe! Dume langu limeumia kwato, nendeni mkaliangalie!"

Cleophas alimvuta ndani, akamtuma konstebo getini. Konstebo alirudi upesi: ni kweli, dume mmoja alikuwa amepasuka kwato, na nyasi za getini zilikuwa na madoa.

"Ulifika wa kwanza," alisema Cleophas. "Uliona nini?"

Malimi alitazama bati la mizani, akageuza uso. "Nikisema utanifunga kama mwendawazimu."

"Sema. Leo wendawazimu ni wengi."

"Nilikuja mapema niwahi foleni. Kengele za ng'ombe zikilia, nikasikia mlango wa nyuma unagongwa, kama mtu anatoka. Nikaita Kasmir. Kimya. Nikaingia. Kofia ile, damu ile. Nikatazama namba."

"Hamsini na nane."

"Hapana, afande! Sufuri. Ilikuwa sufuri, naapa kwa mama yangu. Nikasema nitoke. Ndipo ikaanza. Kumi na mbili. Ikarudi. Kumi na tano. Thelathini. Ikakaa, kama inapumzika. Arobaini na kitu. Halafu ikafika pale ilipo, ikatulia. Na mbele ya macho yangu hapakuwa na kitu!" Malimi alikuwa na machozi. "Ilipanda kama mtu mgonjwa anavyopanda kitanda. Mguu huu, halafu huu. Nikakimbia mpaka barabarani, nikakaa chini ya mkokoteni mpaka wapakiaji walipokuja."

Nywele za Cleophas zilisimama. Alikaa juu ya gunia bila kujua amekaa. Ndani ya kichwa chake mambo mawili yalikuwa yakivutana: mtoto wa kijijini aliyesema msukule amepanda, na askari aliyesema, ngoja. Msukule gani anapumzika katikati? Kisichoonekana hakichoki. Anayepanda mguu mmoja mmoja ana miguu.

Akamrudia Albina, akachuchumaa kando yake.

"Shemeji, mumeo alikuambia chochote juu ya mizani hii?"

Albina alijifuta kwa ncha ya kanga. "Alikuwa akikohoa. Nikamlazimisha aende zahanati. Kule wakampima, akarudi anacheka: mke wangu, nimenenepa, kilo sitini na tatu! Nikamwambia ugali wangu huo. Jioni akaja hapa kazini, akapanda. Hamsini na nane ile ile. Akarudi asubuhi hacheki tena. Akasema ataongea na Nestory kwanza, wawili, kabla mzee hajajua. Akasema mtu hupewa nafasi ya kurekebisha."

Cleophas aliinuka taratibu.

Sasa aliitazama sakafu, si bati. Kando ya mizani, kwenye saruji, palikuwa na magunia matano yaliyojaa, yamelaliana peke yake, mbali na lundo kubwa. Ujanani, kabla ya upolisi, Cleophas alibeba magunia katika ghala la ushirika, na kuna jambo moja mpakiaji wa Sumbawanga hufundishwa siku ya kwanza kwa kuzabwa kofi: mdomo wa gunia hulala ndani. Ukiuelekeza nje, uzi ukikatika mahindi yote yanamwagika miguuni, na mwizi anachota kwa raha. Lundo kubwa lote lilikuwa limeficha midomo. Magunia yale matano yaliitoa nje yote, kama samaki waliokosa maji.

"Haya ameyapanga nani?" aliuliza.

Wapakiaji walichungulia kutoka mlangoni. "Si sisi, afande. Mdomo nje? Mzee angetufukuza."

"Chini yake kuna nini?"

Aliyejibu ni mzee Eustace, bila kufikiri. "Mfuniko. Wa kuingilia shimo la mizani, kusafisha. Lina maji sasa, chemchemi imepenya."

Nje kelele zililipuka. Baiskeli ilikuwa imefika. Kamchape alishuka na mfuko wake wa ngozi, na vijana wakaanza kusukumana kuelekea mlango wa ofisi. Konstebo aliweka mgongo wake kwenye mbao. Cleophas alisikia bibi Klementina ndani akisali Salamu Maria kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka Mungu asikie kupita kelele.

"Nestory!" aliita Cleophas. "Njoo hapa mbele."

Nestory alijongea hatua mbili, akasimama. Jasho lilikuwa limemtoka katika baridi ile.

"Umesema mizani hii haina kosa. Basi niambie mimi na hawa jamaa. Namba ile ya nini?"

"Ni... ni baridi, afande. Chuma kimesinyaa. Usiku ulikuwa mkali. Niruhusu nizime, ikiwaka upya itarudi sufuri."

Mzee Eustace aligeuka kumtazama.

"Baridi," alisema Cleophas. "Asubuhi hii umeniambia baridi inashika nyuzi zote nne sawa, jani halitikisiki. Bosi wako amepiga makofi. Sasa baridi imejifunza lini kuchagua?"

"Basi ni unyevu. Au betri."

"Baridi haipandi kumi na mbili, ikarudi, ikapumzika. Nyamazeni wote!" Alipiga sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Mganga, nyamazisha watu wako! Mnataka kumwona Kasmir? Njooni mumwone. Lakini kimya!"

Watu wakamiminika ndani, wakaishia ukutani. Hakuna aliyethubutu kukaribia. Kimya kilipoingia, kiliingia kweli. Cleophas akanyoosha kidole kwenye namba ya mwisho, ile ya nukta, ambayo tangu asubuhi hakuna aliyeitazama kwa hofu ya zile kubwa.

Hamsini na nane, nukta mbili. Nukta tatu. Nukta mbili. Nukta moja. Nukta mbili. Nukta tatu.

"Jiwe likikaa juu ya mizani, namba inatulia," alisema Cleophas polepole. "Gunia likikaa, inatulia. Tazameni hii. Inakwenda na kurudi. Pandisheni vifua vyenu muone inakwenda na nini."

Mwanamke mmoja akashika mdomo. Walikuwa wameona. Namba ilikuwa inapumua.

Hofu iliyopita mle ndani ilikuwa ya kuacha watu bila damu. Hata kamchape alirudi nyuma, mfuko umebanwa tumboni. Cleophas naye alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari. Akaizuia kwa nguvu. Akapiga magoti pembeni ya bati, akaweka kiganja juu ya chuma baridi, mahali damu ilipochuruzikia kwenye ufa, akagonga mara tatu kwa kifundo.

"Kasmir. Kama ni wewe, jisogeze."

Namba ikaruka. Hamsini na tano. Sitini. Hamsini na saba. Na chini ya chuma, kikavu kama panya kwenye dari, kikasikika kitu kinakwangua.

Albina alipiga ukelele wa kupasua bati.

"Mmesema kweli tangu asubuhi," Cleophas aliwaambia. "Kasmir yuko kwenye mizani. Mmekosea upande tu. Hayuko juu, yuko chini, amejilaza kwenye vyuma vinavyobeba bati. Ndiyo maana anapimwa. Ondoeni magunia yale!"

Wapakiaji waliyarusha kama mito. Mfuniko ukainuliwa. Malimi, mwenye mikono mirefu, aliingia mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, na alipotoka alikuwa amembeba mtu kifuani kama ndama aliyezaliwa usiku wa mvua. Taya la Kasmir lilikuwa limevimba mpaka hakuna neno lililoweza kupita, na nyuma ya kichwa damu ilikuwa imegandana. Lakini macho yalikuwa wazi. Yalizunguka ghala zima, yakamtafuta mtu mmoja, yakatulia juu yake.

Nestory hakukimbia. Alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini.

"Nilijua amekufa," alisema. "Nilimsukuma ndani amekufa. Nilipoiona ile namba asubuhi, hamsini na nane, nikajua amenirudia. Afande, hujui asubuhi niliyokuwa nayo. Hujui."

"Najua," alisema Cleophas. "Bosi wako alikuja mpaka kwenye bati, wewe hukuikaribia mizani uliyoizoea. Wengine walimwogopa bibi. Wewe ulimwogopa Kasmir. Fungua kikopo cha nyaya."

Nestory hakuinuka, kwa hiyo Cleophas akakifungua mwenyewe, kikopo cha bati ukutani ambamo nyaya za pembe nne zilikutana. Hakuwa fundi, lakini hakuhitaji ufundi. Kila kitu mle ndani kilikuwa na wenzake watatu: nyaya za pembe hii kama za pembe ile, skrubu nne, vishikizo vinne. Katikati tu palikuwa na punje moja yenye mistari ya rangi, imechomelewa kwa risasi ya kulehemu inayong'aa upya, haina mwenzake.

"Hii nini?"

"Rezista," alisema Nestory, kichwa magotini. "Inaruhusu umeme kidogo upite pembeni."

"Kama kijimfereji cha wizi. Maji kidogo yanakimbilia huko, jani linasogea pungufu. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na bati likiwa tupu?"

"Mifereji ipo sawa, jani limetulia. Inasoma sufuri. Kila mtu akiona sufuri anaridhika."

Mzee Eustace alikuwa amekaa juu ya gunia, koti limemdondoka. "Na mahindi yaliyozidi, Nestory? Ghala lilikuwa linajaa kuliko nilivyonunua, nikadhani ni baraka."

"Yalikuwa yanatoka na lori la Kipili, mzee. Wewe hukuwahi kuuliza." Akainua uso. "Kasmir aliniita alfajiri. Akapanda bati, akasema: nipime mbele yako, halafu uniambie kilo zangu tano ziko wapi. Hakuwa hata na hasira. Akasema toa ulichoweka, na mimi sitasema. Nikachukua chuma cha mlangoni. Angekasirika labda nisingempiga. Nilishindwa kuvumilia ule upole. Nikamtupa, nikarundika magunia. Nikasikia kengele za ng'ombe, nikatoka nyuma. Sikukumbuka kuzima."

Konstebo alimfunga pingu. Wakati wakimpitisha, watu walimpisha njia. Kamchape alikuwa tayari juu ya baiskeli.

Kasmir alilazwa juu ya magunia, midomo ya bluu, akitetemeka mpaka magunia yakatetemeka naye. Kule shimoni alikuwa amepata fahamu ndani ya maji, akapapasa gizani, akapanda vile vyuma kimoja kimoja asife kwa baridi. Albina alikuwa amemlalia kifuani ampe joto, na hakusema kitu ila jina la mtoto wao.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Bibi Klementina alitoka taratibu, akiegemea fremu, rozari mkononi. Watu wakainamisha macho. Yule kijana wa dumu alikuwa bado amelishika, hajui pa kuliweka. Wenzake walikuwa bado na nyasi mabegani.

Bibi hakumtazama usoni. Alimtazama Kasmir, kisha ukuta, ambako namba ilikuwa imerudi sufuri.

"Mbona mmesimama?" alisema. "Mtu anakufa kwa baridi. Leteni hizo nyasi zenu na hayo mafuta, muwashe moto hapa uani. Na wewe uliyezaliwa miguu kwanza, kimbia kwangu ukachukue sufuria kubwa. Maji ya moto yanahitajika."

Kijana akaweka dumu chini, akakimbia.